Kidani Chekundu na Dawa Iliyochoka

Mwezi uliopita niliteremsha kibao cha studio yangu, na vijana niliowaachia chumba wakaniuliza lile sinki kubwa la ndani lilikuwa la kufulia nini. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Si kosa lenu. Ninyi mmezikuta picha ziko tayari ndani ya simu, kazi ni kuzitazama tu. Basi nimeamua kuwaandikia, maana nikianza kusimulia kwa mdomo huwa nazunguka Mwatate kabla ya kufika Voi.

Nilijifunza kazi kwa Mzee Mutua, Mkamba aliyekuwa na studio karibu na stesheni ya reli. Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani nikidhani nitapewa kamera. Nilipewa kipande cha filamu iliyoharibika na gurudumu la plastiki la kuizungushia, nikaambiwa nikae barazani nifumbe macho. "Humo gizani macho hayana kazi," alisema. "Fundisha vidole." Nilikaa pale kutwa, wapita njia wakiuliza yule msichana amepofuka lini. Leo bado naweza kupakia filamu kwenye gurudumu huku nikigombana na mtu.

Kwa Mutua tuliosha picha nyeusi na nyeupe tu. Za rangi zilitumwa Mombasa kwa basi, zikaoshwe na mashine. Nikimuuliza kwa nini tusizioshe wenyewe, alikuwa na jibu moja: "Rangi si mboga, wewe. Haipikwi nyumbani." Alipostaafu akarudi kwao Kibwezi, aliniachia tangi dogo la kuoshea filamu, lisilopitisha mwanga, mabeseni na jibu hilo.

Walionibadilisha ni kina mama wa Kiislamu wa hapa mjini. Mimi ni Mtaita wa Chawia, Mkristo, kanisani naimba sauti ya pili, lakini ni mwanamke, kwa hiyo wao walinifungulia vyumba ambavyo wanaume hawakuingia. Katika sherehe ya kumpamba bibi harusi, wanawake huwa peke yao. Nywele ziko wazi, hina imepanda mpaka kwenye viwiko, dhahabu iko shingoni, na hakuna mwanamume wa kando anayepaswa kumwona binti akiwa hivyo. Bi Mwanaisha, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria.

"Na hiyo filamu, mwanangu, huoshwa na nani?"

Nikamwambia ukweli: vijana fulani wa Mombasa, wenye makoti meupe.

"Basi usipige," alisema, akanimiminia chai ninywe niende zangu.

Nilipoteza harusi nyingi kwa swali lile. Mwishowe nikashuka Mombasa, nikatafuta duka linalouza dawa za rangi kwa pakiti, nikarudi nazo nikaanza kupika ile mboga isiyopikika. Filamu za mwanzo zilitoka zambarau. Kuna bwana mmoja wa Mwakingali ambaye hadi leo picha yake ya ubatizo inaonyesha mchungaji wa rangi ya bilinganya.

Dawa zenyewe ni mbili. Ya kwanza huiamsha picha na rangi zake. Ya pili huondoa kilichobaki na kuituliza picha isiharibiwe na mwanga. Ile ya kwanza ina madeko kuliko bibi harusi: inataka joto la mtu mwenye homa kidogo, likipanda au kushuka rangi zinakwenda kombo. Hapo Voi ilinisaidia. Msimu wa jua maji ya tangi la bati la uani hukaribia joto hilo yenyewe, mimi nikaongeza birika moja tu. Maji ya kisima yana chumvi, yanaacha madoa, kwa hiyo nilitumia ya mvua. Mikononi glovu, dirisha wazi kila nikimaliza, na chombo kilichoguswa na dawa hakirudi jikoni hata kwa kukopeshwa.

Kwa kuwa dawa ilitoka mbali, haikumwagwa baada ya filamu moja. Unairudisha chupani, unaitumia tena, na kila filamu inayofuata unaikawiza zaidi kidogo ndani ya tangi, sababu dawa nayo huchoka kama mtu. Adui yake ni hewa. Chupa ikibaki nusu, dawa inageuka rangi kama chai ya rangi, na kazi inakwisha. Nilikuwa natumbukiza gololi za kioo ndani ya chupa mpaka dawa ipande hadi shingoni, kisha nafunga. Watoto wa mtaa waliamini nina ugonjwa wa kupenda gololi zao. Chupa ya dawa ya pili niliifunga kamba ya katani, mkono uijue hata gizani, kwa sababu tone lake moja likidondokea ile ya kwanza, umeua dawa yote.

Tena kulikuwa na zamu. Harusi iliingia katika dawa mpya. Shule na ubatizo vilifuata. Picha za vitambulisho, na za yule mfugaji wa Marungu aliyetaka kila fahali wake apigwe akitazama kamera, zilisubiri dawa ikiwa imechoka. Fahali hakuwahi kulalamika kwamba ametoka mweupe.

Mwaka wa mvua za El Nino zamu hiyo ilivurugika.

Saumu, binti wa pekee wa Bi Mwanaisha, aliolewa wiki ambayo mvua ilikuwa imetulia kidogo. Msusi na mpambaji wake alikuwa Mghoi, rafiki yangu, mwanamke wa Makwasinyi, huko Kasigau, aliyepanga chumba mjini na ambaye mikono yake ilitafutwa kila penye harusi. Upande wa bwana harusi walileta vidani viwili vya dhahabu, urithi wa bibi yao. Vilikuwa vya sonara mmoja, majani yaleyale, tofauti yake ilikuwa jiwe la katikati tu: kimoja jekundu, kingine la kijani. Alasiri yote Saumu alivalishwa hiki akavuliwa, akavalishwa kile.

Mghoi alipomaliza kazi alijitanda shuka, akachukua kikapu chake. "Wakesho, nipige na huyu mtoto kabla sijaenda," aliniambia. "Gari la Kasigau halingoji mtu." Nikawapiga wawili hao, akatoka. Nilibaki naye mawazoni kwa muda mfupi tu, maana kina mama walikuwa wananivuta huku na huku.

Asubuhi kidani chekundu hakikuwamo sandukuni.

Penye wengi pana mengi. Kuna walioapa kwamba Mghoi alipoaga, Saumu alikuwa bado na kidani chekundu shingoni. Kuna walioapa kwamba alishavaa cha kijani. Saumu mwenyewe alikuwa amevalishwa na kuvuliwa kama mtoto mchanga kutwa nzima, hakukumbuka. Na mimi niliyekuwa nyuma ya kamera nilikuwa natazama macho yao yasije yakafumba. Lakini jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kama ni chekundu, Mghoi aliondoka kikiwa shingoni mwa bibi harusi, na hana hatia. Kama ni cha kijani, basi chekundu kilikuwa kimeshavuliwa, kimelala kitandani, na Mghoi yumo chumbani.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mzee Badi, ami wa bwana harusi, alipeleka mashtaka, Mghoi akafuatwa Makwasinyi akarudishwa na kufungiwa kituoni. Jumatatu angepelekwa kortini. Koplo aliyeshika kesi alikuwa mtu wa haki, aliposikia kuna filamu akasema iletwe, ataitafutia njia ifike kwenye mashine ya Mombasa. Bi Mwanaisha akakataa. Mzee Badi naye akakataa, tena kwa sauti kubwa zaidi: "Bibi harusi wa nyumba yetu hatatazamwa na vijana wa Mombasa. Heri kesi iende bila picha."

Nilimpelekea Mghoi chai kituoni. Alikuwa amefungua nywele zake mwenyewe, sijui kwa nini.

"Mimi sikuguza hiyo kitu, Wakesho. Picha si iko?"

"Iko."

"Sasa si uoshe tu?"

Alisema kirahisi hivyo, kama mtu anayeulizia nguo yake. Sikuweza kumwambia hali ilivyokuwa. Filamu ya Saumu nilikuwa nimeiweka kando ikingojea pakiti mpya, na pakiti ilikuwa upande wa pili wa maji, barabara ya Mombasa imekatika. Chupani mlikuwa na dawa iliyoosha shule nzima na fahali wote wa Marungu. Gololi zilikuwa nyingi kuliko dawa.

Kulikuwa na njia salama. Filamu ya rangi ukiiosha kwa dawa ya picha nyeusi na nyeupe, inakubali, na dawa hiyo nilikuwa nayo mpya na tele. Picha ingetoka bila shaka. Nyuso zote zingeonekana, kikapu, shuka, na kidani chenye jiwe la kijivu. Ingekuwa picha nzuri isiyomsaidia mtu yeyote. Na filamu haioshwi mara ya pili. Nikichagua dawa ya rangi ikanishinda, ningetoa utepe mtupu, na Mghoi angekwenda kortini na neno lake tu.

Jumamosi nikaanika leso nyekundu na leso ya kijani kwenye kamba uani, nikazipiga kwa filamu nyingine, nikakata kipande nikakiosha kwa dawa ile, nikiikawiza kuliko nilivyowahi kukawiza. Leso zikatoka kama pumzi kwenye kioo. Nikakata kipande cha pili, nikazidisha tena muda. Leso zilionekana, nyekundu na kijani zikatofautiana, lakini utando wa kijivu ulitanda juu ya kila kitu. Nilitamani kujaribu kipande cha tatu. Kila jaribio lilikuwa linakula dawa ileile niliyoihitaji, nikafunga chupa nikaketi juu ya mikono yangu.

Jumapili sikwenda kanisani. Bi Mwanaisha alifika asubuhi, mtandio umelowa, akasema hatatoka mpaka aone. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikapakia filamu kwenye gurudumu. Pamoja na mafunzo yote ya Mutua, filamu ikakwama, nikaitoa nikaanza upya. Nikafunga tangi, nikatoka nalo kwenye mwanga, nikaliweka katika beseni la maji ya moto na kumimina dawa.

Bi Mwanaisha alikaa na tasbihi, mimi na kipimajoto. Joto lilianza kushuka, nikaongeza maji ya birika. Likapanda mno, nikaongeza ya baridi. Muda wa kawaida ukapita. Ule wa jaribio la kwanza ukapita. Nilipofika pale nilipoishia kwa leso, mkono ulikuwa juu ya kifuniko, na kila chembe ya mwili wangu ilitaka kuiacha ikae zaidi. Nikamimina nje. Nikapapasa chupa yenye kamba ya katani ingawa nilikuwa naiona waziwazi, nikamwaga dawa ya pili. Niliomba kwa Kitaita, ndicho ninachoombea nikiwa nimeogopa kweli.

Nilipofungua tangi kulikuwa na picha. Nyepesi, zenye utando, lakini zilikuwapo, na ile ya kuagana ilikuwa karibu na mwisho wa filamu. Bi Mwanaisha akanipokonya utepe, akauinua dirishani, akakaza macho.

"Jiwe ni la kijani," alisema. Akakaa chini. "Basi kaiba. Mikono iliyompamba mwanangu."

"Bi Mwanaisha, hiyo ni negativu. Mle mambo huwa kinyume. Nyeupe ni nyeusi. Kilicho chekundu huelekea kijani."

"Kwa hiyo ni chekundu?"

Nikauchukua utepe mkononi mwake. Dawa iliyochoka huwa inapaka kila kitu rangi yake, na sikuwa tayari kuapa. Tena kulikuwa na tatizo jingine ambalo yeye hakulijua. Katika kusafisha picha kwenye karatasi, rangi hurekebishwa kwa vioo vya rangi ndani ya mashine ya kukuzia picha, na mwenye mashine anaweza kuisukuma picha kuelekea anakotaka. Mji wote ulijua Mghoi ni rafiki yangu. Ningeweza kulifanya jiwe lile liwe jekundu hata kama lilizaliwa kijani, na nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale na utepe unadondosha maji.

Nikautazama tena kwa lenzi. Ndani ya picha, mezani kando ya kiuno cha Mghoi, kulikuwa na chupa ya chai.

"Ile thamosi yako," nikamwuliza. "Bado iko?"

"Iko nyumbani. Nyekundu ile."

"Nenda kailete."

Alikwenda kwenye mvua akarudi nayo chini ya buibui. Nikaiweka dirishani. Nikamwambia: tutasafisha picha mpaka thamosi ya kwenye karatasi ifanane na hii. Jiwe tutalifunika. Wewe ndiye utakayesema thamosi imefanana, si mimi, na baada ya hapo sigusi tena mashine.

Dawa ya karatasi, namshukuru Mungu, haikuwa imechoka. Nikaingia gizani, nikatoka na picha ya kwanza, kipande cha kadi nimekibandika juu ya shingo ya Saumu bila mimi mwenyewe kutazama. Thamosi ilikuwa ya rangi ya kutu. Bi Mwanaisha akatikisa kichwa. Nikabadilisha vioo. Ya pili ikawa ya waridi. Stima ikakatika. Tulikaa tukisikiliza maji yakishuka kwenye mfereji, mpaka iliporudi. Ya tatu akaiweka kando ya thamosi yenyewe, akarudi nyuma, akasogea, akafunga jicho moja kama mnunuzi wa kitambaa.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii ndiyo thamosi yangu."

"Una hakika?"

"Wakesho, naiona kila siku tangu niolewe. Fungua."

Sikuweza. Alifungua yeye.

Jiwe lilikuwa jekundu. Jekundu kama thamosi, hata mtoto angesema. Bi Mwanaisha aliangua kilio, na mimi nikalia pia, wala sioni haya kuandika.

Kisha akafuta machozi, akaitazama picha yote. Saumu alikuwa kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani, amegeukia kamera kwa furaha ambayo mama yake hakuikusudia kwa koplo. Ushahidi tuliupata, lakini ulikuwa ushahidi usioweza kutoka nje ya chumba kile. Alikaa nao mapajani muda mrefu. Halafu akaniomba mkasi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kituoni kabla ya gari la kortini. Mzee Badi alishafika, kanzu imepigwa pasi. Koplo akapokea picha akaigeuza.

"Mama, hii picha imekatwa."

"Nimeikata mimi."

Juu hakukuwa na uso wala nywele. Ilianzia chini ya kidevu: shingo, kidani, bega, na kando yake Mghoi mzima na kikapu chake. Hata shingo ile ilikuwa imemgharimu. Nilimwona akiikwepa kwa macho pale mezani, mbele ya wanaume.

"Sasa hii shingo nitajuaje ni ya nani?"

"Nimeizaa mimi shingo hiyo, baba."

"Mama, nakuheshimu. Lakini korti itauliza."

"Basi muulize Mzee Badi." Sauti yake haikupanda. "Binti sasa ni mke wa nyumba yake, heshima ni yake. Uso ninao hapa ndani ya buibui. Akitaka niutoe uutazame wewe, na hakimu, na karani, aseme yeye. Nitautoa."

Koplo akamgeukia Mzee Badi. Sote tukamgeukia. Aliitazama picha bila kuishika, jiwe, kikapu, shuka lililokwisha kutandwa tayari kwa safari. Nilifikiri atasema. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Inatosha," alisema mwishowe. "Kidani ni hicho. Mwacheni huyo mama aende."

Akatoka bila kuaga. Kidani chenyewe hakikupatikana, au kama kilipatikana hawakuniambia, nami sikuuliza.

Mghoi alitolewa akiwa na shuka lilelile. Bi Mwanaisha alimshika mikono yote miwili, akamwombea dua, akamwambia kuna mpwa wake anayeolewa baada ya mfungo, na hakuna mwingine watakayemwita. Mghoi aliniomba picha koplo aliyonirudishia, akaiinamia palepale kwenye ngazi za kituo.

"Kumbe nilikuwa nacheka," alisema.

Akaomba mkasi. Bi Mwanaisha akautoa mkobani bila kuuliza. Mghoi akaikata picha katikati, taratibu, kama anavyonyoosha njia ya nywele, akachukua upande wake. Ule wenye shingo na kidani akamrudishia Bi Mwanaisha.

"Huyo mpwa wako mtafutie mtu mwingine, mama," alimwambia. "Mimi nikishika kichwa cha bibi harusi sasa, nitakuwa naangalia dhahabu iko wapi."

Alipanda gari la Kasigau siku hiyohiyo. Nilimtembelea Makwasinyi mara nyingi baadaye, analima, ana mbuzi, ananichekea. Hakumsuka mtu tena, hata mimi.